Usije Umeshiba kwa Mama Vestine

Mama Vestine alipasha samli kwenye kopo, akamwambia mteja yale anayowaambia wote wanaokuja kukandwa katika kibanda chake cha turubai, pembeni ya kambi ya Kitshanga: vua mkanda, sema panapouma, usifiche kidonda, usije umeshiba, na ukimaliza usikurupuke, lala mpaka mwili upoe. Wapagazi na madereva wa pikipiki walimtii. Lakini huyu alikuwa Komanda Darius, na wakubwa wa vita hawasikilizi, hata wakiwa wamelala kifudifudi bila shati.

"Papa Komanda, umekula?"

"Kidogo tu, Mama. Mugongo njo inaniuma."

Kidogo! Tumbo lilikuwa limemwinua juu ya mkeka. Vestine akaanza mabegani. Alipofika kiunoni, ng'ombe akalia ndani ya mgongo. Kwao Nyamitaba kila ng'ombe ana jina na huitika akiitwa, kwa hiyo Vestine akaita.

"Bihogo?"

Bihogo akaitika. Alikuwa ng'ombe wake pekee, aliyeswagwa juzi na askari wa komanda huyuhuyu, akaliwa. Tangu hapo mjukuu wake Kétsia, yatima wa miezi minane, alinyweshwa uji wa maji matupu na kuzidi kukonda. Vestine akaongeza samli, akakanda kwa kushusha, kama anavyofanya kwa wenye gesi. Zikatoka pembe, kisha kichwa, halafu mwili mzima na mkia. Bihogo akasimama kando ya ndoo, akajitikisa. Mlinzi wa komanda, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea ampishe.

Komanda alikuwa anakoroma. Sharti la kulala ndilo pekee alilolishika. Vestine akamfunika kitenge, akakamua haraka, mlinzi akimshikia kamba. Kétsia akanywa mpaka akacheua. Bibi yake akalia kwa furaha, akajifuta machozi kwa kiwiko.

Komanda akaamka, akajinyoosha. "Mama, mikono yako iko dawa! Nasikia mwepesi." Akamwona ng'ombe. "Na huyu?"

"Iko ngombe yangu, Papa. Imetoka mu mugongo yako."

Komanda akazitazama pembe, akazitambua. "Hapana, Mama. Hii iko mchango ya vita. Mchango hairudishwake."

Bihogo alichinjwa kabla ya giza. Alhamisi iliyofuata mgongo ukauma tena, na komanda akaja, ameshiba. Ikawa hivyo kila wiki: Bihogo hutoka, Kétsia hunywa, kisha ng'ombe huchinjwa. Sokoni alijisifu kwamba yeye haibi, ana ng'ombe mmoja asiyeisha, ingawa mazizi ya milimani yaliendelea kuachwa matupu.

Mama Vestine hajabadili masharti. Wapagazi bado wanakuja na njaa. Ni komanda tu ambaye yeye humsindikiza hadi mlangoni, akimshika mkono kwa heshima.

"Ukule muzuri, Papa," humwambia. "Na siku ingine nikikukanda, usiamuke mbio."