Laini ya Mawimbi ya Wirrin

Dougal Vella, mwenye duka la mbao za kutelezea mawimbi, alimpa Glenys habari ile mbele ya kibanda changu cha kahawa, watu wakiwa kwenye foleni, kama mtu anayesema maziwa yamekwisha.

"Ile laini ya simu ya mawimbi naikata mwisho wa mwezi, Glenys. Usininunie."

"Nani kanuna? Ikate."

"Siku hizi kuna kamera. Watu wanauona ufuo kwenye simu bado wamelala. Anayepiga kabaki mmoja tu, nambari ya mezani ya huko bara. Kila asubuhi, mama. Sijui anataka nini."

Glenys alichukua kahawa yake akaondoka bila kutia sukari.

Alikuwa dereva wa basi la shule. Kwa miaka mingi, kabla ya kulitoa basi, alishuka hadi maegesho ya Wirrin, akaitazama bahari, kisha akapiga nambari ya Vella na kuacha maneno: mawimbi yamefika wapi, upepo unatoka upande gani, mkondo unavutia wapi. Aliyetaka kujua alipiga nambari hiyo akamsikiliza. Ufuo wetu hauna mwamba, ni mchanga mtupu, na mchanga huhama. Fungu la mchanga lililokuwa likiyavunja mawimbi vizuri wiki hii, wiki ijayo limechimbwa na mkondo, halipo. Ndiyo maana lilihitajika jicho la mtu. Vella alimlipa kwa nta ya ubao na nguo ya kuogelea kila Krismasi.

Sauti yake ilijulikana na wengi, yeye mwenyewe na wachache. Mumewe alikwenda Perth kwa kazi ya mgodini akaoa huko huko. Aliwahi kuniambia kwamba chakula cha jioni anakula amesimama, maana kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja ni kujichosha bure.

Kesho yake nilimsikia akirekodi, ameegemea uzio, simu sikioni.

"Wirrin, habari za asubuhi. Mawimbi ya kiunoni, kutoka kusini mashariki. Upepo wa bara, mwanana. Fungu la kaskazini linayavunja vizuri maji yakijaa nusu. Na wewe unayepiga kutoka bara, mimi naitwa Glenys. Nambari yangu ya nyumbani ni hii." Akaitaja yote.

"Una akili wewe?" nikamwambia. "Akiwa kichaa je?"

"Kichaa anayeamka alfajiri kusikiliza habari za mawimbi? Corrie, huyo tutaelewana."

Alipiga jioni ile ile. Jina lake Alwyn Pask, mfuga kondoo, mwendo wa siku nzima kutoka baharini. Ujanani aliishi hapa Wirrin kwenye gari na ubao wake, mpaka baba yake alipougua akaitwa nyumbani, na hakurudi tena. Glenys alinisimulia mazungumzo yale neno kwa neno, uso umemchangamka.

"Bado unateleza?" alimwuliza.

"Magoti yamekufa, dada. Siku hizi nafukuzana na kondoo tu."

"Sasa unapigia nini?"

"Unarekodi nje, sivyo? Nyuma ya sauti yako nayasikia yanavunjika."

"Kumbe ni hayo. Nilidhani unanisikiliza mimi."

"Na wewe pia," akasema haraka mno.

Walizungumza karibu kila jioni tangu hapo. Ndipo siku moja Glenys akaona kwenye ramani za hali ya hewa dhoruba inayojikusanya mbali, kule upande wa New Zealand. Alikuja na simu yake kibandani akanionyesha, utadhani picha ya mjukuu.

"Ikitulia hapo, mawimbi yatafika Jumamosi, marefu, yaliyopangana. Na upepo utakuwa wa bara. Nimemwambia aje. Kasema atakuja!"

Wiki ile aliazima ubao mrefu ambao hata mtu wa magoti mabovu angeweza kuulalia. Alinunua kamba wabichi na keki ya nazi. Kwenye laini aliitangaza Jumamosi kwa furaha ambayo hata Vella aliitania: "Mama yetu kapata mchumba, sasa bahari nzima inang'aa."

Jumamosi tuliamka na upepo wa kusini. Ile dhoruba haikutulia. Ilikimbia mashariki usiku, ikatuachia upepo wa kutoka baharini uliolichana kila wimbi kabla halijasimama. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Glenys alipiga simu kwa Alwyn, ikaita tu. Alikuwa ameshaondoka, na simu ya mkononi hana. Basi akaegemea uzio, akarekodi kama kila siku.

Vijana walishuka kwenye magari yao, wakatazama, wakacheka.

"Glenys! Haya ndiyo uliyotuahidi?"

"Mama, hata bata hawezi kuogelea humo!"

"Rudini mkalale," akawajibu, macho yapo barabarani.

Alikaa ndani ya gari lake, ubao juu, kila gari linapokata kona ananyoosha shingo. Mchana nilimpelekea viazi vya kukaanga. Hakuvigusa. Alasiri mvua ikanyesha. Nilipofunga kibanda alikuwa bado pale.

"Barabara ya mlimani ina utelezi," alisema. "Corrie, kama kapinduka ni kosa langu."

"Hajapinduka. Nenda nyumbani."

Jumapili alipiga tena, na Alwyn akapokea.

"Uko hai! Ulikuwa wapi?"

"Nilifika mpaka juu ya mlima, pale panapouzwa mafuta. Nikaomba simu yao nikasikiliza laini. Ukasema upepo umeharibu kila kitu, mtu yeyote asijisumbue, abaki kitandani. Basi nikageuza."

"Sikuwa nakuambia wewe, Alwyn."

"Sasa ningejuaje?" Akakohoa. "Wewe hudanganyi kamwe. Ndiyo maana nakuamini."

Nilimwuliza Glenys alijibu nini. Alisema alimwuliza hali ya kondoo.

Mwisho wa mwezi Vella akaikata laini kama alivyosema. Alwyn aliendelea kupiga nyumbani, lakini jikoni kwa Glenys hakusikiki ila mlio wa friji, na wote wawili hawakuwa watu wa maneno mengi. Simu ya kila jioni ikawa ya kila wiki, kisha Glenys akaacha kuitaja. Nami nikaacha kuuliza.

Majira ya baridi yakaingia. Asubuhi moja ya Jumatano bahari ikaja kama alivyopenda yeye: mistari mirefu, mmoja nyuma ya mwingine, upepo wa bara ukivisukuma nyuma vilele vya mawimbi hata yakasimama kama kioo. Maegesho yalikuwa matupu, watu wako kazini. Shule zimefungwa, basi limelala. Glenys akavaa suti yake ya mpira akaingia peke yake.

Nilimwona kwa mbali mara kadhaa, kichwa cheusi kati ya mawimbi, kisha mwanamke aliyesimama wima akipita mbio mbele ya ukuta wa maji. Safari moja aliteleza muda mrefu sana, toka fungu la kaskazini hadi mbele ya maegesho, na alipoanguka alinyanyua mikono yote miwili juu.

Akatoka akitetemeka, midomo ya bluu, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Corrie, umeona? Lile la mwisho, umeliona?"

Basi la wazee wa matembezi lilikuwa limetua muda ule ule, na wote walitaka kahawa.

"Nimeona, mpenzi. Ngoja kidogo niwahudumie hawa."

Akangoja kidogo kando ya foleni, maji yakimchuruzika. Nilipoinua macho tena alikuwa anaufunga ubao juu ya gari.