Ng'ombe Akifa, Unamwita Nani?

Namba tisa niliiandika mimi. Nasema mapema, asije mtu akanisengenya kwamba Emiliana anawasema wasomi wakati na yeye alikuwemo. Nilikuwemo! Nilikuwa na kofia ya mradi, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, na nilijiona mtu.

Walikuja watatu kwenye gari moja, kutoka chuo kikuu ambacho sitakitaja. Dokta Shamte ni wa mifugo, na ndiye alikuwa kiongozi. Dokta Kauthar ni wa historia, mama mtulivu, haachani na kinasa sauti chake. Bwana Calist ni wa biashara. Kazi yake ilikuwa kuuliza kwa nini sisi Wanyaturu tunang'ang'ania ng'ombe badala ya kuwauza. Waliuita utafiti wa pamoja, yaani fani tatu zinamtazama ng'ombe mmoja. Jambo jema. Ila kila fani ilikuwa na dodoso lake, na jioni wakirudi hotelini Singida Mjini kila mmoja anaingia chumbani kwake na majibu yake. Mimi ndiye nilikuwa mdadisi wao hapa Ilongero. Asubuhi nahesabu ng'ombe wa Dokta Shamte, mchana nawatafsiria wazee kwa Dokta Kauthar. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama asubuhi na mchana vinaelewana.

Mwishoni mwa utafiti, kaya kumi zenye hali ngumu kuliko zote, kati ya kaya sitini, zingepewa mtamba wa maziwa, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, kila kaya mmoja. Hiyo ndiyo iliyowafanya watu wafungue milango.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwetu hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki kwenye zizi moja. Anawagawa: watatu kwa shemeji, watano kwa mjane, wawili kwa rafiki wa kule ng'ambo ya mbuga, ili ugonjwa ukiingia au malisho yakikauka asiishiwe kwa siku moja. Anayelea anakunywa maziwa na anapata samadi ya shamba. Ndama ni wa mwenye mali. Hata jina la ndama analitoa mwenye mali. Na midomo inafungwa pande zote mbili: mwenye mali hasemi amewaweka wapi, mleaji hasemi ni wa nani. Ukitaja, kesho yake wanakuja kuchukuliwa, na hutapewa tena na mtu yeyote mpaka unaingia kaburini.

Mama mkubwa Severina ni dada wa mama yangu, mjane, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Zizini kwake kuna ng'ombe tisa. Hakuna hata kwato moja iliyo yake. Amelea ng'ombe wa watu miaka kumi na moja, na maziwa ya hao hao ndiyo yaliyonisomesha mpaka stashahada. Siku moja tukipepeta uwele aliniambia, "Emiliana, mimi siombi utajiri. Nataka ng'ombe mmoja tu ambaye jina nitampa mimi." Nikamuuliza jina gani. Akacheka, akasema jina halitajwi kabla ya ndama.

Nilipofika kwake na kishikwambi nilimwamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu na chombo chako." Dodoso liliuliza: ng'ombe waliopo zizini ni wangapi? Kwenye semina Dokta Shamte alitukaririsha kama sala: mdadisi anaandika anachokiona, haandiki anachokijua. Nikahesabu. Tisa. Mama mkubwa akanitazama, nami nikamtazama, halafu akainuka kunitilia maziwa ya mgando. Nikaandika tisa, nikanywa maziwa, nikaondoka. Nikikumbuka nasikia aibu mpaka leo.

Wiki sita baadaye nikaitwa mjini kupitia orodha ya majina kabla ya mkutano wa mrejesho. Nasoma kaya kumi za hali ngumu. Ya nne: Mzee Melkiori, ng'ombe wawili. Jamani! Mzee Melkiori! Mwanamume ambaye ng'ombe wake wakiitwa wote kwa siku moja, vumbi litafika Kintinku! Zizini kwake wapo wawili kwa sababu wengine amewatawanya kata nzima. Nikatafuta jina la Severina. Nikalikuta chini kabisa, kwenye kaya zenye uwezo, jirani na mwenye mashine ya kukamua alizeti.

Nikaenda na karatasi mkononi kwa Dokta Shamte.

"Dokta, shikamoo. Orodha hii imekosewa."

"Marahaba. Imekosewa wapi?"

Nikamweleza desturi yote. Alinisikiliza, sitamsingizia. Kisha akasema, "Sawa. Nipe majina. Hawa tisa ni wa nani?"

"Siwezi kutaja."

"Basi na mimi siwezi kusahihisha. Namba umeandika wewe, Emiliana. Na huyu Severina ni nani kwako?"

"Mama yangu mkubwa."

Akavua miwani. "Unaona? Nikibadilisha, watasema mdadisi alimpendelea mama yake. Kuwa mtu mzima. Barua yako ya kuombea nafasi ya shahada nimeshaiandika, imebaki sahihi tu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliniwasha. Nilitaka hiyo barua kama mgonjwa anavyotaka maji. Nikapanda bodaboda kurudi Ilongero nikiwa nimefura mpaka dereva akaniuliza nimefiwa na nani.

Kwa mama mkubwa nilianza kwa ukali. "Taja tu! Mzee Melkiori anakwenda kuchukua mtamba wako, na hao watano wenye mabaka ni wake, nani asiyejua?"

"Wewe!" Alinikata kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipovunja chungu chake. "Usithubutu. Nikitaja, jioni zizi ni tupu. Nitakunywa maziwa ya mtamba wa kuchorwa kwenye karatasi? Nimekaa na siri hii miaka kumi na moja na hakuna mtu aliyewahi kunikuta nimesema. Kama utafiti wenu unataka nivunje neno langu ili niitwe maskini, basi nitakufa tajiri."

Baadaye akasema polepole, "Ila kimeniuma, Emiliana. Kimeniuma sana."

Nikashindwa hata kula. Nikavuta mfuko wangu wa mradi, nikaanza kupekua makaratasi, natafuta sijui nini. Ndipo nikakutana na fomu ya ridhaa. Ile fomu kila kaya iliweka sahihi au dole gumba, na mimi ndiye niliyewasomea haraka haraka ili tuwahi ng'ombe. Safari hii niliisoma kama mtu mwenye kesi.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa, mtendaji wa kata akafungua, Dokta Shamte akaonyesha michoro ukutani. Bwana Calist akaeleza kwamba kaya zenye ng'ombe wengi zinakataa kuuza kwa sababu ya mazoea. Nikaguna. Unamuuzaje ng'ombe wa mwenzio? Mzee Melkiori alikaa mbele, koti lake la suti, mikono juu ya fimbo, ametulia kama mtu aliyekuja kubariki. Dokta Shamte akauliza kama kuna swali.

Nikasimama.

"Naitwa Emiliana, mdadisi. Namba za ng'ombe katika ripoti hii si za kweli, na ni mimi niliyeziandika kwa mkono wangu."

"Emiliana," Dokta alisema, "hili tulishaongea."

"Tuliongea wawili, Dokta. Leo tupo wote. Sitataja ng'ombe wa mtu, na hakuna atakayetaja. Nataka kusoma karatasi yenu wenyewe." Nikaifungua ile fomu. "'Mshiriki ana haki ya kujitoa katika utafiti huu wakati wowote, bila kueleza sababu, na taarifa zake zitafutwa.' Nilipowasomea mara ya kwanza nilikimbia kama nafukuzwa. Leo nimesoma taratibu. Bila kueleza sababu. Wenye masikio wamesikia."

Dokta Shamte alifungua mdomo, lakini mama mkubwa Severina alikuwa ameshasimama, kitenge begani.

"Mimi Severina nimejitoa. Futeni jina langu."

"Mama, ukijitoa unapoteza hata nafasi ya kufikiriwa..."

"Nimesema futeni. Sababu sielezi."

Akakaa. Nilijua anachokitupa, nikalia palepale bila kujificha. Kisha Laurian, fundi baiskeli, akasimama. "Na mimi nimejitoa." Akafuata mke wa Gasto. Akafuata bibi mmoja wa kule mbugani aliyehitaji kuinuliwa, akasema "nimejitoa" kwa Kinyaturu, na watu wakampigia makofi. Walisimama mmoja mmoja, hakuna aliyeeleza sababu, na kila mwenyeji mle ndani alijua kinachowaunganisha: wote wanalea. Bwana Calist alikuwa akihesabu kwa kidole. Walipofika thelathini na wanne akamwinamia mwenzake. "Dokta, hapa hatuna utafiti tena."

"Mnaona mlichofanya?" Dokta Shamte aligeuka kwangu, jasho linamtoka. "Kazi ya mwaka mzima!"

"Kazi ya mwaka mzima mlikuwa mnahesabu mazizi, Dokta. Mlisema mnahesabu mali."

Hapo Dokta Kauthar akainuka kutoka kwenye kona yake. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. "Emiliana, yule bibi wa mbugani aliyejitoa kwa Kinyaturu, nilimrekodi mwezi wa nne. Wewe ulinitafsiria. Alizungumza saa nzima kuhusu ng'ombe wa kuleana. Ninayo hapa." Akagusa mkoba. "Nilidhani ni habari za zamani." Akawatazama wenzake wawili. "Hatukuwahi kuulizana, hata siku moja." Kisha akanigeukia. "Tungeuliza vipi, bila kumfanya mtu ataje jina?"

Nilikuwa nimeshalifikiria usiku kucha.

"Ulizeni hivi: ng'ombe akifa alfajiri, unamchuna mwenyewe, au unatuma mtu kwanza?"

Kicheko kikapasuka, maana kila mtu alilijibu moyoni palepale. Ng'ombe wako akifa unachukua kisu. Wa mwenzio akifa hugusi ngozi mpaka mwenye mali aje ajionee, la sivyo utaambiwa umemla.

Mama mkubwa akasimama tena, bila kuulizwa na mtu. "Ninao tisa. Wote tisa natuma mtu kwanza. Sasa andikeni ng'ombe wangu wangapi."

Dokta Kauthar alishika kalamu. "Sifuri, mama?"

"Sifuri. Iandike kubwa."

Kutoka nyuma sauti ikarushwa, na mpaka leo hakuna anayekiri ilikuwa yake: "Na mwenye kupokea wajumbe je, hana safu yake?" Watu wakainamisha vichwa, mabega yanacheka. Mzee Melkiori hakugeuka. Aliitazama fimbo yake, kisha akainuka, akakohoa. "Na mimi," alisema, "niondoeni kwenye hiyo orodha." Akatoka akiwa wima, na kwa hilo nampa heshima yake. Ng'ombe wake watano wenye mabaka hajaja kuwachukua, maana hakuna aliyemtaja.

Basi, haya ndiyo yaliyofuata. Mimi mkataba wangu ulikatwa wiki hiyo hiyo. Barua ya shahada haikupata sahihi. Walirudia utafiti baada ya mavuno na wadadisi wengine, na dodoso likawa moja badala ya matatu, na swali la kwanza kabisa likawa la ng'ombe aliyekufa alfajiri. Ripoti mpya inasema swali hilo lilipendekezwa na "mdadisi mmoja mwenyeji." Mdadisi mmoja! Nilikwenda ofisi ya kata, nikaomba nakala ya ripoti hiyo, nikaandika pembeni kwa kalamu ya wino: Emiliana, wa Ilongero. Mtendaji akasema naharibu nyaraka. Nikamwambia nazisahihisha. Mwaka huu naomba chuo bila barua ya mtu, na nikikosa nitaomba tena mwakani.

Mama mkubwa alikubali kuhesabiwa upya, akaingia kwenye kaya kumi, na mtamba wake alifika mvua za kwanza, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji. Watu wa mradi walitaka jina la kuandika kwenye kadi ya chanjo. Nilikuwepo. Nikadhani sasa nitalisikia lile jina alilolificha miaka yote, nikamuuliza ni lipi.

"Lile nimeliacha," akasema. "Huyu anaitwa Sifuri."

Kila jioni anamwita kwa sauti mpaka barabarani: "Sifuri! Sifuri wangu, njoo!" Mzee Melkiori akiwa anapita huvua kofia, na mama mkubwa humwamkia vizuri kabisa, halafu anaita tena.