Farasi wa Shemeji

Bibi alilipasua bonge la kinyesi cha farasi kwa ncha ya kiatu chake cha ngozi, akainama, akalitazama lilivyokuwa likifuka moshi. Kisha akalifukia kwa theluji na kuniwekea kidole midomoni ninyamaze.

Farasi alikuwa wa kaka yake, Jiwe la Mtoni, aliyetufikia asubuhi ile akisema katoka mawindoni. Alileta habari tamu mno: wanajeshi wamechoka kutuwinda; babu yangu, Ngurumo ya Mbali, aishushe kambi yake mtoni wazungumze tu, kisha kila mtu arudi kwake. Babu alikuwa amekataa kuhamishiwa kwenye ardhi tuliyopimiwa na serikali. Kambi nyingine zilizokwenda kuzungumza zilipakiwa kwenye meli za mtoni, na hatukuzisikia tena.

Tulipoingia hemani, babu alikuwa akimchokoza mgeni, maana kwetu Walakota wa nyika za Amerika shemeji usipomtania atadhani umemkasirikia.

"Umenenepa, shemeji! Ulikuwa unawinda paa, au paa ndio waliokuwa wanakulisha?"

Jiwe la Mtoni akatabasamu kidogo, basi. Yeye, ambaye siku zote angemjibu kwamba ana miguu ya korongo na kaoa mke mzuri kuliko anavyostahili!

Babu akaacha kutafuna.

Bibi naye hakuweza kumkabili. Kwetu mwanamke hamuumbui kaka yake, hata iweje. Akanigeukia mimi, huku anakoroga supu.

"Kitendawili, mjukuu wangu."

"Tega, bibi."

"Kimesimama kwetu, shibe yake ya ugenini."

Nilikuwa mdogo, lakini punje za shayiri kwenye kile kinyesi nilikuwa nimeziona. Farasi wetu wakati wa baridi waliguguna magome ya miti. Shayiri ilikuwa ya farasi wa ngomeni, kwa wanajeshi.

"Farasi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

Babu akajaza kiko taratibu, akamnyooshea shemeji yake. Kwetu ukishakivuta, huwezi kusema uongo. Jiwe la Mtoni alikitazama, hakukipokea.

"Jino linaniuma," akasema. Halafu akajifunika uso kwa blanketi. "Wanangu wako mikononi mwa wanajeshi, shemeji. Nikikupeleka ndipo watanipa."

Bibi akasimama, akatoka, akaanza kuchomoa vijiti vilivyofunga hema. Hema lilikuwa lake, kama yalivyo ya wanawake wote kwetu; aliyeamua tuhame alikuwa yeye. Turubai la ngozi likashuka, jua likamkuta kaka yake bado amekaa palepale.

Kabla kaka yake hajapanda farasi, bibi alimfungia mfuko wa nyama kavu kwenye tandiko.

"Ya watoto. Waambie imetoka kwa shangazi yao." Kisha, bila kumtazama: "Utasema tumekwenda wapi?"

"Kusini."

Tulikwenda kaskazini. Wanajeshi hawakutufikia majira yale yote. Ni yeye aliyewapoteza, au theluji ndiyo iliyofuta nyayo zetu? Mpaka anakufa, babu alikuwa akigeuka kutazama nyuma.

Sasa nami ni bibi, kwenye ardhi ileile tuliyopimiwa, maana mwishowe njaa ilitushusha. Mgeni akija namkaribisha, namtilia kahawa na sukari tele. Akishakaa, natoka nje kidogo, nalipasua bonge la farasi wake kwa ncha ya kiatu.

Siku hizi ni shayiri tupu ya ngomeni. Hata bonge la farasi wangu mwenyewe.