Vitu Alivyogawa Emerensiana

Mdogo wangu Emerensiana aliporudi Songea kutoka kwenye matibabu ya saratani ya titi, jambo la kwanza alilofanya ni kugawa vitu vyake. Jembe alimpa jirani. Kitenge chake cha WAWATA, sare ya kina mama wa Kikatoliki, alimpa Noela wa jumuiya yetu. Mimi, dada yake mkubwa, alinipa chungu cha marehemu mama, kile cha togwa. Nilikipokea kama mtu anayepokea urithi, wala sikubisha. Mungu anisamehe.

Madaktari walimwambia matibabu yamekwenda vizuri. Yeye hakuamini. Chakula kilikuwa hakipandi, na akila kidogo tumbo linajaa upepo, linakaza siku nne, siku tano. Akasema ugonjwa umehamia tumboni, na haendi tena kliniki kuambiwa anachokijua.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu huzimalizia jikoni. Nina mashine ya kukoboa na kusaga pale Majengo, mwaka wa ishirini sasa. Nikampikia ugali wa sembe nyeupe pe, kuku wa kukaanga, na soda ya kushushia. Mgonjwa hapewi dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Dona ni chakula cha bwenini. Ukimpa mgonjwa, ndugu watasema umeshamchoka. Emerensiana alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Nikamfokea, akalia. Nikaenda kulilia jikoni asinione.

Kesho yake nesi Aurelia alileta mahindi yake mashineni. Nikamweleza yote.

"Tumbo kukaza baada ya zile dawa si lazima ugonjwa uwe umerudi," akasema. "Mlete apimwe, tusibahatishe. Lakini unamlisha nini?"

Nikamtajia kwa majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na pumba unapeleka wapi, mama Walburga?"

"Kwa nguruwe wangu."

"Wana hali gani?"

"Wananawiri."

Hakucheka. Akanieleza kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi vijidudu wasiohesabika, wengi wao wema, na chakula chao ni maganda ya nafaka, maharage na majani, maganda yaleyale ambayo mimi nimeyatoa kwenye mahindi ya watu miaka ishirini. Matibabu makali huwavuruga. "Mpe dona, maharage, majani ya maboga, maji ya kutosha. Togwa safi sawa, lakini usitie sukari. Soda aache. Atembee kila siku, hata mpaka kwa jirani. Haya hayatibu saratani, usije ukamdanganya mtu. Yanausaidia mwili kujijenga."

Nilimburuta kliniki. Walimpima, hawakuona ugonjwa mpya. Emerensiana akasema vipimo navyo hukosea.

Basi nikasaga dona. Nikapika uji, nikauacha upoe, nikautia kwenye chungu alichonipa, nikachanganya na kimea cha ulezi, nikafunika. Kesho yake mchana nikafunua. Togwa nimeinywa tangu utoto, lakini siku ile ndipo nilipoiangalia. Ilikuwa inapumua. Povu dogo linapanda, linapasuka, jingine linapanda, na hapakuwa na moto chini yake wala mkono wa kukoroga. Nikamwita Emerensiana. Tukapiga magoti, yeye huku, mimi kule, chungu katikati.

"Iko hai," akanong'ona.

"Na humo ndani mwako wamo kama hawa. Tumewanyima chakula."

Aliweka kiganja tumboni. Miezi yote ile nilikuwa nauona mwili wa mdogo wangu kama nyumba iliyohamwa, kumbe imejaa wapangaji wanaosubiri kula.

Haikuwa kazi ya siku moja. Wiki ya kwanza dona ilimzidishia upepo. Akanilaumu mimi, nami nikamlaumu nesi. Nesi akasema tuanze na kidogo, tuongeze taratibu. Shangazi yetu alikuja kutoka Lusewa, akaona ule ugali, akaniuliza kama hapa ni gerezani. Nikamwambia ale au aache. Haba na haba hujaza kibaba: tumbo likalegea, njaa ikarudi. Asubuhi Emerensiana alitembea mpaka kwenye nguzo ya umeme, baadaye mpaka mashineni, baadaye mpaka sokoni. Ule mkono wa upande uliopasuliwa aliupandisha ukutani kwa vidole, akaweka alama ya mkaa pale ulipofika, ili kesho aipite. Nilikuwa naziangalia zile alama zikipanda ukuta wangu.

Jumamosi moja alitoka kutembea, hakurudi. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Nikazima mashine na mahindi ya watu yakiwa kwenye foleni, nikatoka kumtafuta, kanga imenikaa upande. Nilimkuta kwa Noela, amesimama mlangoni.

Kwetu aliyetoa hadai. Ni aibu.

"Nimekuja kuchukua kitenge changu," alikuwa anasema. "Nilipokupa nilidhani nakufa. Kesho nakwenda kanisani."

Noela aliingia ndani. Akatoka nacho, kimekunjwa vilevile kilivyokunjwa siku ile, mkunjo haujafunguliwa.

"Nilikuwa nakutunzia," akasema.

Niliona aibu mpaka miguuni. Mimi nilikuwa nimerithi.

Emerensiana alikikung'uta, akanyanyua mikono yote miwili, na ule wa upande uliopasuliwa pia, akajizungushia kitenge mabegani. Nikaketi kibarazani. Ndipo aliponiona.

"Na chungu changu, dada."

"Kina togwa," nikasema.

"Basi tukainywe kwanza."