Hodi ya Beti Tatu

Thadeus hakuwa na cheti cha sekondari, hakuwa na mke tangu Margareta afariki, hakuwa na meno ya kutafunia nyama ngumu. Tena hakuwa na ndugu wa kuongea naye. Mdogo wake wa pekee, Kornel, aliishi Kahe, huko bondeni, na hawakusemeshana tangu mazishi ya mama yao. Siku ile mafuriko yalikata barabara ya kutoka Kahe. Watu wakasema maziko yasubiri kesho, Thadeus akakataa. Kornel alifika nyumbani Kibosho jioni, akakuta kaburi limeshafukiwa katikati ya migomba. Aliondoka bila kuingia ndani.

Alichokuwa nacho Thadeus ni elimu ya masomo ya jioni, aliyoitafuta ukubwani baada ya kushinda kutwa kwenye shamba la kahawa. Humo alijifunza kupima mashairi, na alijivunia.

Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha mama yao ilipokaribia, Kornel alituma shairi lisomwe siku hiyo. Halikuwa na salamu. Thadeus alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kugonga meza kwa vidole, silabi baada ya silabi.

“Nimeshika njia nzima, kutoka Kahe shambani,” alisoma. “Nane kwa nane. Vina, *ma* na *ni*, havijayumba popote.”

“Leo kuna mtu amefaulu kwako, Baba?” mkwewe Doris alimtania, akimenya ndizi. “Mimi nilidhani hata Paroko angefeli.”

“Sikiliza kiitikio: *Hodi nyumbani kwa mama, hodi ndugu fungueni.* Kinafunga kila ubeti, beti zote tatu, bila kubadilika. Sahihi kabisa.” Akaweka tiki ya tatu, akaandika pembeni: *Vizuri sana.* “Nitamrudishia aone.”

Doris aliacha kumenya. “Baba, mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, hufanyaje?”

“Huenda zake.”

“Sasa wewe umempa tiki. Hodi yenyewe hujaiitikia.”

Thadeus akausoma tena ule mstari kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu sauti ilimkatikia kwenye *fungueni*.

Alichukua karatasi nyingine, safi. Alijaribu kujibu kwa shairi, vidole vikigonga, akafuta, akajaribu tena. Mwishowe akaandika tu: *Karibu nyumbani, mdogo wangu. Misa haitaanza kabla hujafika.*

Mkono ulianza kuhesabu wenyewe. Mizani haikutimia, wala vina havikuwapo. Akauacha ujumbe hivyo hivyo.

Kisha alitoka hadi kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akachuma jani la sale, lile ambalo Mchagga akiletewa hawezi kunyima msamaha. Akalifunga fundo, akalilaza juu ya karatasi. Shairi lenye tiki lilibaki mezani.

Alivitia vyote viwili kwenye bahasha, akalamba gundi yake, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Asubuhi alishuka Moshi mwenyewe, akamkabidhi dereva wa basi la Kahe.