Wasomaji wa Mama Shemboza

Fanueli hakwenda Lushoto kutafuta sifa, au ndivyo alivyomwambia mkewe Klara huku akibadili koti mara ya tatu. Alikuwa amesikia kwamba katika mgahawa mmoja karibu na soko, wasomaji hukutana kila Jumamosi kuzungumzia vitabu vya Mama Shemboza, mjane wa kijijini anayefichua wauaji huku akimenya viazi. Vitabu hivyo, vilivyofika kumi na vinne, alivitunga yeye kwa jina la kubuni. Pale mgahawani hakuna aliyemjua.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Eliza, mkulima wa Mlola, mkubwa kuliko wote waliokuwepo.

"Marahaba. Karibu ukae. Nawe ni msomaji?"

"Kidogo," akajibu, kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi njia nzima.

Mwamvita, muuza karoti, ndiye aliyekuwa akizungumza. "Mimi muuaji namjua mapema. Ni yule anayekaribishwa chai akakataa. Vitabu vyote hivyo hivyo."

"Na kile kijiji nusu yake imeshazikwa," akadakia Edward, mwalimu aliyehamia kutoka Tanga. "Waliobaki wanangoja nini?"

Wakacheka. Fanueli naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa.

"Lakini mwandishi ana kina," akasema.

"Unamtetea kama shemeji yako," Mwamvita akamwambia. "Haya, katika hiki kipya ulimshuku nani?"

Hapo Fanueli akakunja nne. Akaeleza taratibu, kama profesa, jinsi dalili zote zilivyomwelekea mwenye mashine ya kusaga: unga kwenye kola ya marehemu, mkanda uliokatika, mbwa asiyebweka. Alipomaliza, watu walitazamana.

"Baba, hicho ni kitabu cha tisa," Eliza akasema kwa upole, kama anayemrudisha mgonjwa kitandani. "Humu aliyeua ni mwalimu wa kwaya. Yule wa mashine yuko jela siku nyingi."

Masikio ya Fanueli yakawaka moto. Mtu kuua mwenyewe, halafu akasahau alimsingizia nani! Angeweza kuaga na kujiondokea. Badala yake akajikuta anasema, "Mwandishi ni mimi."

Miaka yote alikuwa akiota watu wakisikia maneno hayo watasimama. Hakusimama mtu. Mwamvita alimsogezea sahani ya viazi.

"Afadhali umekuja mwenyewe," Eliza akasema. "Mimi wale wauaji wako nawaruka. Nasoma ugomvi wa Mama Shemboza na wifi yake, maana pale hudanganyi. Maiti tumezichoka, baba. Tuandikie kimoja asife mtu."

Akaahidi mbele ya wote.

Jumatatu asubuhi akaanza kitabu kipya, ambamo ng'ombe wa wifi amepotea tu, basi. Kalamu ikakimbia. Wifi alilalamika kurasa nzima, na Fanueli akawa anacheka peke yake. Jioni Klara akaja na chai, akachungulia begani kwake.

"Ng'ombe amepatikana?"

"Amepatikana."

"Mzima?"

Fanueli akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Nilijitahidi," akasema.