Krispi za Khaemba

Kilio kilisikika hadi mlangoni, chembamba na cha kukwaruza, kama cha mtoto mchanga. Nabalayo alipoingia nyumbani kwake Bondeni, alikuta ni kompyuta ya mjukuu wake inayovuma mezani.

"Inalilia jina, Bravin."

"Ni feni tu, kukhu," Bravin akamwambia nyanya yake. "Imeshika joto."

Bravin alikuwa akikaanga krispi za viazi vya Molo, karai moja bado likiwa motoni jikoni, na sasa alitaka kuziuza mtandaoni. Tangu asubuhi alitafuta anwani ya tovuti yenye jina lake mwenyewe, lakini kila aliloandika lilikuwa limeshachukuliwa. Dharmesh, mchapishaji wa mifuko, alingoja jina hilo kabla hajafunga duka.

Nabalayo aliketi, akaipakata kompyuta. Kwao, mtoto asiyenyamaza hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, mpaka atulie akisikia lake.

"Ni wewe, Wekesa?" Ikalia. "Mukhwana?" Ikazidi. "Khaemba?"

Kimya.

"Huyo hapana," Bravin akasema. "Babu Khaemba aliunguza kila alichopika. Aliunguza mpaka jiko la mama yake."

"Basi amerudi kujirekebisha. Ama unataka ilie tena?"

Bravin aliandika Krispi za Khaemba. Dunia nzima hakuna aliyekuwa amelitaka jina hilo. Akalisajili, akamtumia Dharmesh, roho ikimuuma.

Papo hapo harufu ya viazi vinavyoungua ikatoka jikoni.

Bravin aliinamia kompyuta, akasema kwa sauti, "Babu, jina nimekupa na sitalibadilisha, nakuahidi. Lakini jikoni niachie mimi."